Usimtoe Yule Mzee Anayegeuka Nyuma

Odeta mwanangu,

Salamu za nini, na asubuhi tumeamkiana na chai tumekunywa meza moja? Umekwenda Gasorwe kumuaga bibi yako, na mimi namjua mama yangu: hakuachii mpaka umekula mara mbili na kubebeshwa maharage. Basi nina mchana mzima. Nimefunika cherehani, nimemwambia jirani yetu Mama Shakuru kwamba leo sishoni, naandika barua. Kanitazama juu ya miwani. "We Generoza, mutu munalala naye nyumba moja, uko unamuandikia barua?" Nikamwambia ndiyo, kwa sababu mtu huyo nikimwambia neno kwa mdomo hunijibu kabla sijalimaliza. Akacheka, akasema hilo ni kweli.

Kesho unakwenda Gitega. Habari za shuka na sabuni, nani wa kumsalimia na nani wa kumkwepa, umeshapewa na kila mwanamke wa mtaa huu, mimi siongezi. Nina neno moja tu, nalo ni mchezo wako wa kuigiza.

Jumapili ulipotusomea pale uani, nilisimama katikati nikaingia jikoni, na sikutoka mpaka ulipomaliza. Nilimsikia Mama Shakuru anakwambia, "Muache, iko analia." Jana nilikuwa ndani napiga pasi, nikakusikia unamwambia kwamba utamtoa Mzee Kazoya kwenye mchezo kabla hujawapelekea wale watu wa kikundi cha Gitega. Ati umemliza mama. Ati mahali pake utaweka mganga, au mlevi.

Mganga! Mlevi! Mwanangu, nchi nzima imejaa vichekesho vya walevi na waganga. Wale watu wa Gitega wamekwambia wazi: wakiupenda mchezo huu unabaki kuwaandikia, wasipoupenda unapanda basi unarudi Muyinga kushona matundu ya vifungo pamoja nami. Na mchezo huo bila Kazoya ni maji ya maharage bila maharage. Usimtoe. Nitakueleza kwa nini, na itanibidi nipite njia ndefu kidogo, kwa hiyo kaa chini, acha kutafuta viatu.

Kwanza jikoni. Sikuwa nalia. Nilikuwa nacheka. Nilisimama mle nimeuma kitambaa cha kupangusia sufuria, machozi yananitoka, mbavu zinaniuma, naomba Mungu Mama Shakuru asinifuate. Unajua uliponishinda ni wapi? Ni pale kanisani, Kazoya anapofunga ndoa. Mchungaji anamuuliza kama anamkubali huyu binti awe mke wake, naye Kazoya anageuka nyuma polepole kuona kama anayeulizwa ni mtu mwingine. Hapo nikaondoka. Miaka yote hii nilijiapia kwamba yule mwanaume hatanichekesha tena, na wewe umemleta mpaka uani kwangu akanichekesha mbele ya majirani.

Nasema yule mwanaume kwa sababu tusidanganyane. Kazoya ni baba yako. Jina umelibuni, kofia umeibuni, lakini wakati unaandika ulikuwa unamwona Ezekieli. Ulimwona anavyotembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ukamwona anaulizwa swali na kutazama nyuma yake kwanza. Kila mtu pale uani alimjua, hata wale waliojifanya wanatazama kuku. Ulikuwa darasa la nne alipotuacha akaenda kukaa Gishubi, na bado umeushika mgongo wake barabara. Sikukasirika. Nilikuonea wivu kidogo, wivu wa fundi kwa fundi, maana njia hiyo ya kuandika umeitoa kwangu, ukinitazama tu.

Mimi niliianza kambini, Tanzania, kabla hujazaliwa. Tulikuwa vijana wa kikundi cha maigizo, tunacheza pale uwanja wa mgao wa chakula, tunafundisha watu kunawa mikono na kutopiga wake zao. Nilipewa kazi ya kuandika kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, sababu nyingine haikuwepo. Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa na Mume, Mke, Jirani na Daktari. Mume alisema maneno ya mume, mke akasema maneno ya mke, daktari akahubiri. Watu walitutazama vile wanavyotazama foleni isiyosogea. Mwishoni tukajipigia makofi wenyewe.

Wakati uleule nilikuwa najifunza kushona kwa mama mmoja wa Kigoma, mkali kama pilipili. Siku moja nikakata gauni kwa macho bila kumpima mwenyewe, nikijua mwanamke ni mwanamke. Alipokuja kulijaribu likamkataa mabegani. Yule mama akalishika gauni juu, akaniuliza, "Hili umemshonea nani?" Nikasema nimeshona gauni tu. "Gauni tu halipo," akasema. "Lipo gauni la mtu." Jioni nikarudi kwenye karatasi zangu, pale palipoandikwa Mume nikafuta, nikaandika Ezekieli.

Ezekieli alikuwa mchezaji mwenzetu, kijana wa upande wa pili wa kisima, mvivu wa maneno. Ukimuuliza kitu, kabla ya kujibu anageuka. Hakuwa na dharau. Nadhani ni kwa sababu alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto wengi, hakuzoea kuulizwa. Nikaacha kumpa hotuba. Nikamwandikia maswali. Nani amekunywa maziwa ya mtoto? Anageuka. Nani alisema atachimba choo? Anageuka, na nyuma yake ni ukuta. Weee! Watu walikaa chini kwa kucheka. Tangu siku ile sikumwandika tena mtu nisiyemwona. Nilikuwa nashika kalamu, nafumba macho, nasubiri mchezaji wangu aingie mlangoni, asipoingia siandiki. Basi nikawa namtazama Ezekieli kila siku, anavyokula, anavyofunga kamba za viatu, nikisema ni kazi. Ukimtazama kijana namna hiyo mwisho wake unaujua. Tukaoana.

Na kanisani, mchungaji alipomuuliza, aligeuka nyuma.

Ndiyo, kweli kabisa, mbele ya Mungu na kambi nzima. Hili sijawahi kukusimulia, na baba yako asingekusimulia kwa sababu halipendi. Umelibuni wewe mwenyewe hapa mezani, kwa kumwona tu, na limetoka vilevile. Jumapili nilipolisikia nilisisimka mwili kabla sijaanza kucheka. Ukimwona mtu vizuri atakufanyia hata mambo usiyoambiwa, na hiyo ndiyo raha ya njia hii. Hasara yake nayo ipo, na mimi nimeila yote.

Tuliporudi Burundi tulifikia Gasorwe kwa mama yangu, aliyetangulia kurudi. Shamba la kina baba yako kule Gishubi lilikuwa mikononi mwa ndugu zake, na kila akienda kuliulizia wanamwambia subiri. Mama akatukatia kipande, tukajenga vyumba viwili, wewe uko mgongoni. Unajua hapa kwetu mwanaume anayelima kwa wakwe anavyotazamwa. Kambini hakuna aliyejali, sote tulikuwa juu ya ardhi ya watu. Huku kila anayekusalimia anauliza shamba la baba yako liko wapi. Miaka ikapita, Gishubi bado wanasema subiri. Baba yako akawa anakwenda kisimani alfajiri, giza bado, asikutane na watu. Nilimwona. Ningemhurumia kama mke, lakini nilishazoea kumtazama kama mwandishi, nikasema moyoni: hii itachekesha.

Tulikuwa na kikundi wakati huo, sisi tuliotoka Tanzania pamoja na wenyeji, tunacheza pembeni ya soko la Gasorwe. Nikaandika mchezo wa kijana aliyekwenda kuposa. Mvua inanyesha, analala. Kesho yake mvua tena. Harusi inafanyika na yeye bado yupo palepale kwa wakwe, na jina lake bado ni Mgeni. Mgeni, karibu chakula. Mgeni, umeamkaje? Unajua wanavyosema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi mama mkwe anamletea jembe, Mgeni analipokea kwa mikono miwili, analigeuzageuza, halafu anatazama nyuma kuona ni la nani. Niliuandika wote bila kufuta hata neno moja. Kila neno lilimkaa baba yako.

Nikampa asome, maana wa kumcheza Mgeni ni yeye. Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia karatasi. "Inachekesha," akasema. Yeye mwenyewe hakucheka. Na mimi ninayejisifu kuwaona watu, hilo halikuniingia machoni.

Soko lilicheka, mwanangu. Wenye ndizi waliacha ndizi zao. Mama mmoja alijilaza juu ya magunia, hajiwezi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na karatasi, maana kazi yangu ilikuwa kuwakumbusha wachezaji maneno, nimevimba kwa fahari. Ndipo nikasikia wanachosema. Hawakuwa wanasema, mtazame Mgeni. Walikuwa wanasema, mtazame mkwe wa Mama Generoza. Walimcheka baba yako mwenyewe, waziwazi, na ruhusa nilikuwa nimewapa mimi.

Kesho yake mtu akapita nyumbani na baiskeli, akaita kutoka njiani, "Mgeni yuko?" Keshokutwa mwingine. Watoto wakalidaka. Wewe mwenyewe ulirudi shuleni ukaniuliza kwa nini unaitwa mtoto wa Mgeni, na nilikwambia nenda kachote maji. Samahani.

Baba yako hakugomba. Laiti angegomba, kugombana tunakujua. Jioni moja tunakula, nikamuuliza kama chumvi imekolea, nikasubiri ageuke kama kawaida yake. Hakugeuka. Alinijibu palepale, ananitazama usoni. Niliogopa. Nikamwambia, "Ezekieli, una nini?" Akasema, "Kila nikitaka kugeuka nakuona unaandika."

Mvua za mwaka ule zilipokwisha alikwenda Gishubi kuwabana ndugu zake. Safari hiyo walimpa kipande, chembamba, kule bondeni. Akapata na mke. Mengine unayajua.

Sasa usije ukadhani namsafisha. Mchezo wangu haukumshika mkono ukampandisha basi. Gishubi haiko mwezini, na mtu mwenye mtoto, hata aitwe Mgeni, hata aitwe Mbuzi, hurudi kumwona mtoto wake. Hiyo ni yake, ataijibu mwenyewe siku atakayoulizwa, na siku hiyo akigeuka nyuma hatakuta mtu. Ila sehemu yangu naijua ilipo. Nilichukua kinachomuuma mume wangu nikakipeleka sokoni kwa sababu kilikuwa kinachekesha, na nikampa yeye mwenyewe akibebe. Nimelijutia hilo miaka mingi, na bado najuta.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda kufanya kazi hii kila siku: mdomo wa mtu chukua. Chukua miguu yake, anavyokunja shati, anavyosubiri kabla ya kujibu, chukua tu, hata hatajua vimekwenda. Kinachomfanya achote maji gizani usikiguse mpaka akupe mwenyewe. Na mtu akikwambia "inachekesha" hajakupa kitu.

Halafu kuna ujinga wangu wa pili, huo nitausema haraka kwa sababu mwishoni uliniletea faida. Baba yako alipoondoka nafasi zake alipewa Nestori, yule wa Giteranyi anayepakia ndizi kwenye baiskeli. Unamkumbuka, mrefu, mwenye haraka, maneno yanamtoka yamebebana mgongoni. Na mimi, nikifumba macho, anayeingia mlangoni bado ni Ezekieli. Nikawa namwandikia mtu aliyeondoka na kumvisha aliyepo. Maskini Nestori, alikuwa anageuka nyuma kama mtu aliyesikia gari.

Tukaalikwa Gitega, mara yangu ya kwanza kucheza kwenye ukumbi wenye viti. Nestori akaulizwa swali, akageuka. Mtu akakohoa. Mara nikasikia kicheko kikubwa kutoka viti vya mwisho. Kumbe huko nyuma mama mmoja alimwambia mwanaume aliyesimama mbele yake asogee, na yule mwanaume, kabla ya kusogea, akageuka nyuma kwanza kuona anaambiwa nani. Hivyo tu, na safu nzima ikacheka. Sikuhitaji kuulizia ni nani. Hakuja kunisalimia, wala mimi sikwenda kumtafuta. Alitoka kabla hatujamaliza.

Nestori alikuwa ameona yote. Nje ya ukumbi akatupa karatasi zangu chini. "Mama Odeta, mi siko Ezekieli," akasema. "Ule mutu wako hayuko. Niandike mi!" Nilimkasirikia wiki nzima, nilimwambia hajui kuigiza, akarudie ndizi zake. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa na haki. Hasira ilipopoa nilikwenda Giteranyi siku ya soko nikakaa kwenye kilima, nikamtazama anapandisha mzigo. Anaongea na baiskeli! Anaisifu, anaitukana, anaibembeleza, anaiahidi mafuta wakifika juu. Nikamwambia nataka kumwandika mwanaume anayezungumza vizuri na baiskeli yake kuliko anavyozungumza na mkewe. Alicheka mpaka akaegemea mzigo. "Andika," akasema, "lakini usiandike kama baiskeli ni ya kuazima." Basi kwenye mchezo baiskeli ikawa yake, tena mpya. Mpaka leo wanamwomba aurudie, na yeye hucheka wa kwanza.

Haya, turudi kwako. Karatasi zako umeziacha hapa mezani, nimezisoma tena, mara hii mpaka mwisho. Nilikuwa natafuta kidonda. Sikukikuta. Kazoya ana nyumba yake, ana shamba lake, hata ng'ombe umempa. Umechukua mgongo tu na kumwachia mwenyewe yanayobaki. Sikukufundisha hilo, labda umejifunza kwa kuitwa mtoto wa Mgeni. Umenipita, na sioni aibu kukwambia.

Ila nani atamcheza? Nimesikia kijana wanayempa nafasi za wazee kule Gitega ni mnene, mpiga kelele. Ukiamua kumpa yeye, mfanye kama Nestori: mtazame akila, mtazame akikosea njia, mpunguze Kazoya mahali na umwongeze yeye. Mshono mzuri huachiwa kitambaa ndani, mwenye gauni akinenepa tulifungue kidogo. Acha kitambaa. Na kuna mtu mwingine unayemfikiria lakini unaogopa kumtaja mbele yangu. Gishubi na Gitega ni kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ukitaka kumwomba baba yako amcheze Kazoya, mwombe, usisubiri ruhusa yangu, ule uso si mali yangu. Mpe karatasi zote azisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema inachekesha usishangilie. Tazama kama amecheka. Asipocheka, chukua karatasi zako, kula alichokupikia, urudi.

Nimebakiza jambo moja, na hili linanikera kweli.

Mke wa Kazoya ni nani? Ana "ndiyo," ana "haya," ana "karibu chakula," na ukurasa wa mwisho anapita na beseni. Beseni, Odeta! Ulipomwandika Kazoya ulimwona mtu. Yule karani wa kata asiyejua kunyamaza ni Nestori, hajifichi. Jirani mwenye wivu ni Mama Shakuru mtupu, tena ameshajijua na anatamba mtaani. Lakini ulipofika kwa mke, mlangoni hakuingia mtu. Umeandika Mke, kama mimi nilivyoandika kule uwanja wa mgao. Hilo ni gauni tu.

Najua ulikotoa. Umetoa kwangu. Nenda katafute katika michezo yangu yote: mke anapokea mzigo, anatandika mkeka, anauliza swali ili mume apate kugeuka. Aliyekuwa akiyaandika hayo alikuwa amesimama pembeni ananong'ona maneno ya wengine. Mchezo ukiisha watu wanamkimbilia baba yako, wanamshika mkono, "Ezekieli, unajua kuchekesha wewe!" Naye anawajibu asante. Asante! Na mimi nakunja mkeka.

Sasa nikumalizie ile ya kanisani. Baba yako alipogeuka nyuma, hakuna aliyecheka. Kanisa lilinyamaza mpaka nikasikia mabati yanavyolia kwa jua. Watu walidhani anatafuta njia ya kutoka, au amemwona mwanamke mwingine mlangoni. Mama yangu alishika kichwa. Wajomba zangu wakaanza kunyanyuka mmojammoja. Mimi ndiye niliyemvuta mkono wa koti, nikamwambia kwa sauti iliyofika mpaka kwa watoto waliokuwa madirishani: "Usitafute mwingine, Ezekieli. Anayeulizwa ni wewe."

Hapo ndipo kanisa lilipolipuka. Mchungaji alicheka akaweka Biblia chini. Wajomba wakakaa. Baba yako naye akacheka, akasema ndiyo, nakubali, na kila mtu aliyekuwepo anasimulia mpaka leo kwamba Ezekieli alichekesha watu siku ya harusi yake.

Mwandikie mke wa Kazoya maneno. Hayo ya kanisani nakupa, ni yangu, na naona yananichekesha bado. Mengine yatafute mwenyewe: fumba macho, usiharakishe, msubiri aingie. Ataingia na futi ya kupimia shingoni na atakuuliza kwa nini hujala. Wakikosa wa kumcheza, basi la Gitega linaondoka Muyinga kila asubuhi, na cherehani ina mfuniko.

Na utakapowasomea huko, ukafika mwisho, mmoja wao akauliza nani ameandika hiki, wewe ni mtoto wa baba yako, nakujua. Usigeuke nyuma. Anayeulizwa ni wewe.

Mama yako,
Generoza